Kutoka Wasiwasi hadi Uamuzi: Mwongozo kwa Vikundi vya Vijana Vinavyotaka Kuchukua Hatua kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana ambao hawahitaji tena kushawishiwa kwamba tabianchi inabadilika, bali wanatafuta mahali pa kuanzia. Wakiuliza wafanye nini, mara nyingi hupewa orodha ndefu ya mambo madogo madogo: zimeni taa, pandeni miti, okoteni taka, jitokezeni katika maadhimisho. Hakuna ubaya katika hayo, lakini yakifanywa bila mpangilio humchosha kijana kabla hajamfikia mtu yeyote mwenye mamlaka. Ninachokipendekeza hapa ni njia nyembamba zaidi. Kikundi kidogo kichague uamuzi mmoja, kimtambue mtu au chombo kinachoufanya uamuzi huo, kikusanye vipimo vyake chenyewe, kisha kiufuatilie hadi ubadilike au hadi kipewe kwa maandishi sababu za kutobadilika.

Tengeni muda usiopungua miezi sita kwa kazi hii. Kikundi kinachotaka matokeo kabla ya mwisho wa mwezi kitajikuta kikichapisha mabango badala ya kubadilisha jambo.

Hatua ya kwanza: Jifunzeni kiasi cha kuweza kujibu maswali

Hamhitaji kuwa wanasayansi, lakini mtaulizwa maswali, na jibu moja la kubahatisha linaweza kuharibu kazi ya miezi mitatu. Anzeni na mambo machache ambayo kila mwanakikundi anaweza kuyaeleza bila kusoma karatasi. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za hewa ukaa (kaboni dioksidi) katika kila sehemu milioni moja. Mwaka 1958, Charles Keeling alipoanza kuipima kwa mfululizo katika mlima Mauna Loa huko Hawaii, kiasi hicho kilikuwa kimefika takriban 315, na leo kimepita 420. Chanzo kikubwa cha ongezeko hilo ni kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, kikifuatiwa na ukataji wa misitu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto zaidi tangu vipimo vianze kuwekwa, kwa takriban nyuzi joto 1.55 za Selsiasi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka mmoja wa namna hiyo haumaanishi kwamba lengo la nyuzi 1.5 lililomo katika Mkataba wa Paris, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu tabianchi, limeshavukwa kisheria, kwa sababu lengo hilo hupimwa kwa wastani wa muda mrefu. Ni vizuri mkalijua hilo kabla mtu hajawauliza.

Yapo makosa mawili ambayo ningewaomba myaondoe mapema katika maelezo yenu. La kwanza ni kuchanganya hali ya hewa na tabianchi: mvua kubwa ya jana ni hali ya hewa, ilhali tabianchi ni wastani na mwenendo wa hali ya hewa kwa muda mrefu, na kwa desturi ya wataalamu muda huo ni miaka 30. La pili limeenea sana madarasani, nalo ni kudhani kwamba dunia inapata joto kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Uharibifu wa ozoni ulisababishwa hasa na kemikali zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, nao ulianza kudhibitiwa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Ongezeko la joto linatokana na gesijoto, hasa hewa ukaa, ambazo huzuia joto la uso wa dunia lisitoroke kwenda angani. Mtu akisimama mbele ya wahandisi na kuuchanganya mkasa mmoja na mwingine, hatasikilizwa tena siku hiyo.

Kwa kusoma zaidi, tafuteni muhtasari kwa watunga sera unaotolewa na Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Jopo hilo liliundwa mwaka 1988, na halifanyi utafiti wake lenyewe, bali huchambua tafiti zilizochapishwa na wanasayansi wa dunia nzima, kisha muhtasari wake huidhinishwa mstari kwa mstari na wawakilishi wa serikali. Hoja hiyo itawafaa, kwa kuwa ofisa wa serikali anayepinga maandishi ya muhtasari anapinga jambo ambalo serikali wanachama zimekwisha kulikubali.

Hatua ya pili: Undeni kikundi kidogo chenye majukumu yanayojulikana

Watu watano hadi kumi wanatosha. Mnahitaji mratibu, katibu anayetunza kumbukumbu, mweka hazina hata kama bado hamna fedha, na mtu mmoja anayesimamia vipimo. Msemaji si lazima awe mratibu, na mara nyingi ni afadhali asiwe. Ikiwa wamo wenye umri chini ya miaka 18, pateni ridhaa ya wazazi au walezi wao kwa maandishi, na awepo mtu mzima anayeaminika katika kila mkutano wa nje.

Hatua ya tatu: Chagueni uamuzi mmoja

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea, hivyo nitakaa hapa kidogo. "Kupambana na mabadiliko ya tabianchi" si uamuzi, na "kuhamasisha jamii" vilevile si uamuzi, kwa sababu hakuna mtu mwenye kalamu ambaye siku fulani atatia saini karatasi kuhusu mambo hayo. Uamuzi ni jambo kama haya: bodi ya shule itatumia nishati gani kuendesha jenereta, pampu na jiko lake katika mwaka ujao wa fedha, halmashauri itaisafisha mitaro kabla ya msimu wa mvua au baada ya mafuriko, kituo cha mabasi kipya kitajengwa chenye kivuli au kitakuwa uwanja mtupu wa lami, eneo la ardhi oevu linalopokea maji ya mvua litabaki hivyo au litagawiwa viwanja.

Angalieni kwamba mifano hiyo ni ya aina mbili. Ule wa nishati unahusu kupunguza gesijoto, yaani kushughulikia chanzo cha tatizo, ilhali ile ya mitaro, kivuli na ardhi oevu inahusu kuhimili, yaani kuwalinda watu dhidi ya athari ambazo tayari zinatokea. Kikundi hakilazimiki kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Jumuiya ambayo mchango wake katika gesijoto ni mdogo sana, lakini mafuriko huifikia kila mwaka, ina haki ya kuanza na kuhimili, na asitokee mtu wa kuiambia kwamba hiyo si kazi ya tabianchi.

Kila pendekezo linalotolewa lipimeni kwa maswali manne. Ni nani hasa anayeamua, kwa cheo chake? Ataamua lini? Je, sheria au bajeti inamruhusu kuamua tofauti? Na sisi tutajuaje, kwa kuona au kwa kuhesabu, kwamba uamuzi umebadilika? Pendekezo likikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, ama lirekebisheni ama liwekeni kando. Swali la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Bajeti nyingi za taasisi huandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na ombi zuri linalofika wiki mbili baada ya bajeti kupitishwa hujibiwa kwa heshima kisha huwekwa kwenye faili.

Neno moja kuhusu upandaji wa miti, kwa kuwa ndilo pendekezo la kwanza karibu kila mahali. Sina neno baya kuhusu miti. Ninachokataa ni hesabu ya miche iliyopandwa siku ya sherehe. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, lilikuwa likiwalipa akina mama kiasi kidogo cha fedha kwa miche iliyoendelea kuishi, na si kwa miche iliyotiwa ardhini tu. Mkichagua miti, basi uamuzi wenu uwe ni nani atamwagilia, maji yatatoka wapi, mifugo itazuiwaje, na nani atahesabu miti iliyo hai baada ya miezi 12.

Hatua ya nne: Pimeni wenyewe

Kipimo kilichochukuliwa na vijana wenyewe, mahali penyewe, kwa njia iliyo wazi, kina nguvu ambayo takwimu za dunia hazina. Ofisa anaweza kusema kwamba takwimu za dunia hazihusu eneo lake, lakini hawezi kusema hivyo kuhusu mita iliyopo ukutani mwake. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari lenye mistari, kalamu ya wino, saa, na utaratibu usiovunjwa.

Tuchukue mfano wa shule yenye jenereta inayotumia dizeli. Kila mara mafuta yanapojazwa, katibu wa vipimo anaandika tarehe, saa, idadi ya lita, na jina la aliyejaza. Baada ya wiki nane mnajua wastani. Tuseme ni lita 20 kwa wiki. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo ni kilo 54 kwa wiki, na kwa mwaka wenye wiki 40 za masomo ni kilo 2,160, yaani zaidi ya tani mbili. Mtu atasimama na kuuliza inawezekanaje lita moja ya mafuta, ambayo yenyewe haifiki kilo moja, itoe kilo 2.7 za hewa, na swali hilo ni la haki kabisa. Jibu ni kwamba kaboni iliyomo katika mafuta, ambayo ni takriban kilo 0.72 kwa lita, huungana na oksijeni kutoka hewani inapoungua, na oksijeni hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Kila mwanakikundi ajizoeze kulitoa jibu hilo kwa sentensi mbili.

Mahali penye umeme wa gridi, someni mita saa kumi na mbili jioni, majengo yakiwa yamefungwa, na mrudi kuisoma saa kumi na mbili asubuhi kabla hayajafunguliwa. Ikiwa jioni inasomeka 48,213 na asubuhi inasomeka 48,249, basi uniti 36 (uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja) zimetumika kwa saa 12 ndani ya jengo lisilo na mtu. Hizo ni wastani wa kilowati tatu usiku kucha, sawa na balbu 30 za wati 100 zilizoachwa zikiwaka. Baada ya hapo kazi inakuwa ya upelelezi: zimeni kifaa kimoja kimoja, kwa ruhusa na mbele ya fundi, na mtazame kasi ya mita inavyobadilika. Mara nyingi chanzo huwa jokofu kuukuu, pampu isiyojizima au kompyuta zilizoachwa wazi, na mara nyingine marekebisho hayahitaji fedha yoyote.

Kwa kikundi kilichochagua kivuli na joto, kipimajoto kiwekwe kivulini, mahali penye upepo, kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, kisiguse ukuta wala bati. Someni saa nane mchana kila siku, katika eneo lenye miti na katika eneo lisilo na miti, dakika chache tu zikitenganisha masomo hayo mawili. Kwa waliochagua mvua na mafuriko, chombo chenye kuta zilizonyooka na mdomo ulio sawa na kitako kinatosha kuwa kipimamvua, mradi kiwe mbali na majengo na miti, na kina cha maji kisomwe kwa milimita kila asubuhi kwa saa ileile. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, lita 1,000 zimeshuka, na mnaweza kumwonyesha mhandisi kiasi hicho kinakwenda wapi mtaro ukiwa umeziba.

Kanuni za daftari ni chache lakini hazina msamaha. Siku ambayo hamkupima iandikwe kuwa haikupimwa, na asitokee mtu wa kuijaza kwa kukisia. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lililoandikwa mwanzo lionekane bado. Na jambo muhimu kuliko yote ni kutodai zaidi ya kile mlichopima: miezi miwili ya joto haiwezi kuthibitisha kwamba tabianchi imebadilika, ila inaweza kuonyesha kwamba uwanja usio na kivuli una joto zaidi kuliko ulio na miti, na hilo ndilo mnalolihitaji. Mwenendo wa miaka mingi uombeni kwa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yenu, ambayo kumbukumbu zake zilianza kabla yenu.

Hatua ya tano: Tafuteni ahadi zilizokwisha kutolewa

Ni rahisi zaidi kumwomba kiongozi atimize alichokwisha kuahidi kuliko kumwomba aahidi jambo jipya. Mkataba wa Paris ulipitishwa tarehe 12 Desemba 2015 na kuanza kutumika tarehe 4 Novemba 2016, na chini yake kila nchi mwanachama hutakiwa kuwasilisha mchango wake wa kitaifa kila baada ya miaka mitano, kila mchango ukiwa hatua mbele ya uliotangulia. Michango hiyo huwekwa wazi katika sajili ya sekretarieti ya mkataba, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Pakueni wa nchi yenu na mwandike pembeni kila aya inayogusa jambo mlilochagua, pamoja na namba ya ukurasa. Kisha tafuteni mpango wa maendeleo wa halmashauri na kanuni za taasisi yenyewe. Aya moja kutoka katika waraka wa taasisi inayohusika ina uzito kuliko hotuba kumi za kimataifa.

Haki yenu ya kusikilizwa nayo ina msingi. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na mwaka 2023 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla namba 26, yanayohusu haki za mtoto na mazingira kwa kutilia mkazo mabadiliko ya tabianchi. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Paris, kwa upande wake, kinazitaka nchi zishirikiane kuimarisha elimu, mafunzo, ushiriki wa umma na upatikanaji wa taarifa kwa umma kuhusu tabianchi. Vifungu hivi havitawashindia hoja peke yake, ila vinazuia mazungumzo yasianze kwa swali la kama mna ruhusa ya kuzungumza.

Hatua ya sita: Andikeni ombi la ukurasa mmoja

Barua iwe na aya nne: ninyi ni nani, mlipima nini, mnaomba nini, na mnaomba lijibiwe lini. Vipimo vyote viambatishwe nyuma, visijazwe ndani ya barua. Ombi lenyewe liandikwe hivi:

"Kwa wiki nane mfululizo tuliandika kila lita ya dizeli iliyojazwa katika jenereta ya shule, na wastani ulikuwa lita 20 kwa wiki. Nakala ya daftari imeambatishwa. Tunaomba bodi, katika kikao chake kijacho cha bajeti, iidhinishe tathmini ya kitaalamu ya kuweka umeme wa jua kwa ajili ya pampu na taa za mabweni, na ituarifu kwa maandishi uamuzi wake ndani ya siku 30."

Tazameni kwamba vijana walioandika ombi hili hawakuomba mitambo iwekwe kesho. Wameomba tathmini, ambayo ni uamuzi mdogo unaoweza kukubaliwa katika kikao kimoja, na ambao ukishafanyika hufungua mlango wa uamuzi mkubwa. Vilevile hawakumlaumu mtu. Mkuu wa shule ambaye hajaaibishwa anaweza kuwa mtetezi wenu ndani ya bodi, ilhali aliyeaibishwa atatafuta sababu za kukataa, hata kama moyoni anakubaliana nanyi.

Pelekeni nakala mbili masjala, moja ibaki huko na nyingine igongwe muhuri wenye tarehe, mrudi nayo. Baada ya wiki mbili fuatilieni kwa simu au kwa kwenda wenyewe, na katibu aandike jina na cheo cha aliyejibu na alichosema.

Hatua ya saba: Jiandaeni kwa kikao

Mkipewa nafasi, hudhurieni watu watatu: mmoja aeleze ombi kwa dakika tano, mmoja abebe daftari la asili na aweze kulifungua ukurasa wowote utakaoulizwa, na wa tatu aandike. Fanyeni mazoezi siku mbili kabla, mkimweka mwenzenu mkali achukue nafasi ya mjumbe asiyekubaliana nanyi. Swali lisilo na jibu lijibiwe kwa kusema kwamba mtalifuatilia na kuleta majibu kwa tarehe mtakayoitaja, na mlete kweli. Wakiwaambia kwamba ninyi ni viongozi wa kesho, rudini kwa utulivu kwenye ombi na tarehe, kwa sababu dizeli inachomwa leo.

Msiondoke kikaoni bila mambo mawili: jina la mwenye jukumu la hatua inayofuata, na tarehe yake. Usiku uleule andikeni muhtasari mfupi na mwupeleke kwa mwenyekiti kama shukrani. Muhtasari huo utakuwa ushahidi wa yaliyokubaliwa. Jihadharini pia na mialiko ambayo vijana huitwa kupigwa picha na kusoma shairi la ufunguzi, kisha hutolewa nje majadiliano yanapoanza. Mna haki ya kuuliza kabla ya kukubali mwaliko mtazungumza katika ajenda ipi na kwa muda gani.

Hatua ya nane: Barua zikishindwa, panueni sauti

Kuna wakati ambapo mlango hubaki umefungwa. Hapo ndipo sauti ya hadharani inapofaa, na ina nguvu zaidi ikija ikiwa na daftari mkononi. Tarehe 20 Agosti 2018, Greta Thunberg, akiwa na umri wa miaka 15, aligoma kwenda shule akaketi mbele ya bunge la Uswidi na bango moja la kudai hatua kuhusu tabianchi, na mwezi Januari 2019 Vanessa Nakate alianza mgomo wake katika barabara za Kampala, mwanzoni akiwa na ndugu zake tu. Picha za mikusanyiko mikubwa iliyofuata zimetufanya tusahau wiki za mwanzo, ambazo watu walipita bila kutazama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kundi lisilo na sura moja inayojulikana. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, wakiwa Vanuatu, walianza kuzishawishi serikali za visiwa vya Pasifiki ziiombe Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi. Serikali ya Vanuatu ilikubali kuongoza jambo hilo. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuipelekea mahakama swali hilo bila kupigiwa kura, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni yake kwa kauli moja kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kuulinda mfumo wa tabianchi. Walichagua chombo kimoja na swali moja, nao wakalifuatilia kwa miaka sita.

Mahakama za ndani nazo zimesikiliza. Nchini Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2021 kwamba sheria ya tabianchi ya mwaka 2019 ilikuwa ikiwasukumia vijana mzigo mkubwa wa upunguzaji baada ya mwaka 2030, na serikali ikausogeza mwaka wa lengo la kutoongeza gesijoto kutoka 2050 hadi 2045. Katika jimbo la Montana, Marekani, vijana 16 walishinda kesi yao mwezi Agosti 2023 kwa kutegemea katiba ya jimbo, inayotaja haki ya mazingira safi na salama, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikauthibitisha ushindi huo mwezi Desemba 2024. Kesi hizi zilihitaji mawakili, ushahidi wa wataalamu na miaka ya kungoja, kwa hiyo kikundi kidogo kisikimbilie mahakamani. Kijue tu kwamba njia hiyo ipo.

Kuhusu usalama nitasema waziwazi. Sheria za mikusanyiko hutofautiana sana baina ya nchi na nchi, na mahali pengine kijana hukamatwa kwa kusimama na bango. Ulizeni mwanasheria kabla, toeni taarifa pale sheria inapotaka, na msimweke mtoto mstari wa mbele. Msisambaze picha za nyuso za wenzenu bila ridhaa yao. Pale ambapo maandamano ni hatari, kipindi cha redio, maonyesho ya vipimo vyenu katika siku ya wazazi, au ombi lenye saini za wakazi vinaweza kufika mbali zaidi.

Vijana wengi huniuliza kuhusu mikutano mikuu ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi. Vijana wana uwakilishi rasmi humo kupitia mtandao uitwao YOUNGO, na ni vizuri kuufuatilia. Ushauri wangu ni kwamba safari hiyo isitangulie kazi ya nyumbani, kwa sababu anayefika huko na ushahidi wa jambo moja alilolibadilisha husikilizwa tofauti na aliyefika na kauli mbiu.

Hatua ya tisa: Pimeni tena, na mkabidhi daftari

Uamuzi ukishabadilika, kazi ya vipimo inaanza upya. Endeleeni kuandika lita za dizeli kwa wiki nane nyingine baada ya mitambo kuwekwa, kwa utaratibu uleule, na mwipeleke bodi tofauti ya kabla na baada. Ikiwa matumizi hayakupungua, semeni hivyohivyo na mtafute sababu: pengine jenereta bado inawashwa kwa mazoea, au betri ni ndogo kuliko mahitaji ya usiku. Taarifa ya kweli kuhusu jambo lililofanikiwa nusu ndiyo itakayowafanya muaminiwe mkija na ombi la pili.

Fedha ziandikwe zote, ziingiazo na zitokazo, zikiwa na saini mbili, na daftari hilo liwe wazi kwa kila mwanachama. Mfadhili akitaka mnyamaze kuhusu jambo mlilopima, rudisheni fedha zake.

Vijana huhitimu, huhama, huajiriwa, na vikundi vingi hufa mwaka ambao mratibu wake wa kwanza anaondoka. Kwa hiyo, miezi mitatu kabla ya kuondoka, kila mwenye jukumu afanye kazi akiwa na mrithi wake pembeni: waende pamoja masjala, wajulishwe kwa maofisa, wasome mita pamoja saa kumi na mbili jioni hadi namba zao zilingane. Siku ya makabidhiano, daftari la vipimo, nakala zenye muhuri na mihtasari ya vikao vihesabiwe ukurasa kwa ukurasa, anayetoa na anayepokea watie saini, na ukurasa unaofuata ubebe tarehe ya kesho yake na kipimo cha kwanza cha mrithi.